Mashimo ya Umatengo

Mtu atokaye Songea akishika njia ya magharibi kwenda Mbinga, mwendo wa kilometa zipatazo 100, hufika katika milima ya Umatengo. Huko hewa ni ya baridi, na mitelemko ni mikali hata mgeni hustaajabu kuona mashamba ubavuni mwa mlima. Hujiuliza: Je, mvua haiuchukui udongo wote?

Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika katika nchi hizi kutoka kusini, wakapiga vita, na Wamatengo wengi wakakimbilia majabalini. Huko nafasi ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Haikuwezekana kuhama kila mara kutafuta ardhi mpya. Ilibidi udongo ule ule uwalishe mwaka baada ya mwaka. Njia waliyoishika ili kuulinda huitwa ngoro.

Kazi yenyewe ni hii. Yapata mwezi wa Machi majani hufyekwa, yakaachwa yanyauke. Kisha hupangwa katika mistari inayokatana, hata shamba huonekana kama wavu uliotandazwa. Ndipo udongo huchimbwa katikati ya kila mraba, ukafunikizwa juu ya majani. Basi katikati hubaki shimo, na pande zote nne huwa tuta. Juu ya matuta hupandwa maharagwe, na mvua za msimu mwingine zikianza hupandwa mahindi.

Faida zake ni mbili. Kwanza, mvua inyeshapo maji hayatelemki kwa nguvu, bali huingia mashimoni yakatulia, na udongo unaochukuliwa nayo hubaki humo humo. Pili, majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea.

Upande wa mlima ulio kati ya vijito viwili huitwa ntambo, nao kwa desturi ni wa ukoo mmoja. Humo zimo nyumba, na mibuni, na mashamba ya ngoro.

Kazi ya ngoro ni nzito, kwa kuwa hufanywa kwa jembe la mkono. Aiachaye huokoa jasho la msimu mmoja, lakini hasara yake haimpati yeye peke yake. Udongo ukishashuka mtoni haurudi tena mlimani, na watakaokosa chakula ni watoto wake.