Mteja hurudi kwa aliyemtunzia vipimo

Fundi cherehani wa mtaani kwetu Temeke ana daftari kubwa lenye jalada jeusi, kona zake zimelika kwa kufunuliwa. Humo mna vifua, mabega na urefu wa suruali za mtaa mzima. Ukimpelekea kitambaa hakimbilii futi. Anafungua ukurasa wako, anapitisha kidole, halafu anauliza swali moja tu: "Kiuno bado hapohapo, mjomba?" Wapo mafundi wanaoshona vizuri kuliko yeye, tena karibu. Lakini sikukuu ya Idi ikikaribia, vitambaa vinapelekwa kwake.

Nimekuwa mbunifu wa grafiki wa kujitegemea kwa miaka 11, na mitatu ya kwanza niliishi kideiwaka. Leo kadi ya harusi, kesho bango la saluni, keshokutwa simu iko kimya. Kila mwezi nilianza upya kusaka watu nisiowajua, huku nikipita mbele ya kibanda cha fundi yule asubuhi na jioni bila kuona kwamba jibu langu lilikuwa juu ya meza yake.

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza, "Kaka, wateja unawapata wapi?" Ni swali la haki, maana kodi ya chumba haisubiri. Ila mimi huwaomba waanze na jingine: waliokuja mara moja, mbona hawakurudi?

Mistari myekundu

Mteja wangu wa kwanza wa kudumu nilimpata kwa kosa langu mwenyewe. Ni mama wa Mbagala anayesindika pilipili ya chupa. Alikuwa amepitia mafunzo ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, na bidhaa yake ilikuwa na alama ya ubora ya TBS. Alikuwa pia na bakodi yake, ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta, yenye namba inayoanza na 620, kama zile zinazotolewa Tanzania. Alichokosa ni lebo ya kumwingiza kwenye maduka makubwa.

Nilimchorea lebo niliyoipenda sana. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya pilipili iliyoiva, na mistari ya bakodi nikaipaka nyekundu ileile ili isiharibu mandhari. Tukachapa lebo 2,000.

Baada ya wiki mbili akanipigia akiwa dukani. "Mwanangu, mashine haisomi." Nikaenda. Binti wa kaunta akapitisha chupa mara ya kwanza, ya pili, akaifuta kwa kitambaa, akapitisha ya tatu. Kimya. Mashine nyingi za kaunta husoma kwa mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo mstari mwekundu hauna tofauti na karatasi nyeupe. Mimi nilimchorea mteja wangu alama ambayo mashine haiioni, na katoni zake zote zikarudishwa.

Pesa yangu nilikuwa nimeshapokea. Nilibadilisha mistari ikawa myeusi juu ya sehemu nyeupe, nikalipia uchapaji upya kutoka mfukoni mwangu. Faida yote ya kazi ile ikaondoka, na sehemu ya kodi ya chumba ikaifuata. Kisha kwa siku mbili tulikaa mkekani uani kwake, tukiloweka chupa katika maji ya moto na kubandua lebo moja moja hadi vidole vikakunjamana.

Ni pale mkekani ndipo alipoanza kunieleza biashara yake. Kwamba chupa hubadilika umbo kila anapobadilisha muuzaji. Kwamba lebo zikikaa kwenye friji huloa na kuchubuka. Kwamba anawaza kuongeza achari msimu wa maembe. Kwamba hesabu za lebo huziweka kichwani, na mara mbili zimemwishia huku oda iko mlangoni. Katika hayo yote sikuwahi kumuuliza hata moja. Nilikuwa nimechora lebo ya chupa nisiyoijua.

Jioni ile, nikirudi nyumbani, nilinunua daftari.

Ukurasa wa kila mteja

Kila mteja wangu sasa ana ukurasa wake. Nimeandika namba za rangi zake, vipimo vya lebo kwa milimita, aina ya karatasi, mchapaji tuliyemtumia, tarehe ya oda na idadi. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazonilisha. Mtu aliyechapa lebo 2,000 na anatumia 400 kwa mwezi zitamwishia mwezi wa tano. Mwezi wa nne mimi napiga simu: "Shikamoo mama. Lebo zimebaki ngapi?" Dakika moja inatosha. Simwombi kazi, namkumbusha jambo lake kabla halijamgeukia tatizo.

Kalenda nayo huingia humo. Maonyesho ya Sabasaba hufunguliwa mwishoni mwa Juni, kwa hiyo mwenye banda naongea naye Mei, mchapaji akiwa bado ana nafasi. Kalenda za mwaka mpya nazianza Oktoba. Wenye shule nawatafuta kabla ya mahafali.

Nilijifunza pia sheria za kazi ya wateja wangu. Mwaka 2019 usajili wa vyakula ulipohamia TBS, nilikaa chini kujua lebo ya chakula inadai nini: jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina na anwani ya mtengenezaji. Mama wa pilipili akawaambia wasindikaji wenzake kwamba yupo kijana anayejua mambo ya lebo. Akaja wa asali, akaja wa unga lishe. Ukijulikana kwa jambo moja, watu wanajua lini wakutaje.

Hata wakubwa wa fani hii waliishi hivyo. Mmarekani Paul Rand alianza kuifanyia kampuni ya IBM kazi ya nembo mwaka 1956. Mwaka 1981, miaka 25 baadaye, bado ndiye aliyeichorea lile bango maarufu la jicho, nyuki na herufi M. Muda wote huo kampuni haikumwajiri. Alikuwa mtu wa nje aliyeijua kama wa ndani.

Mazoea na mali kauli

Lakini kudumu na mteja si kumfanyia kazi kwa mali kauli. Mimi huchukua nusu kama kianzio, na marekebisho ni mara mbili. Ya tatu inalipiwa. Tunayaandika hayo hata na mtu tuliyezoeana, maana mazoea ndiyo huzaa ugomvi. Wenye kazi za kila mwezi tunakubaliana kiasi kimoja cha mwezi na orodha ya kazi zilizomo. Kampuni ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo, dai cheti chake. Ni pesa iliyokwenda TRA kwa jina lako. Na pato lako lisitegemee mteja mmoja, hata akiwa mwema namna gani.

Kuna jambo moja linaloniuma katika fani yetu. Wapo wanaoficha mafaili ya nembo ili mteja asiweze kwenda kwingine. Mteja aliyelipa akitaka mafaili yake, mpe yote siku hiyohiyo. Fundi wetu hajamkatalia mtu vipimo vyake, na watu hawajamkimbia.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu nimebandika lebo moja ya mistari myekundu. Wino umeanza kupauka, lakini huitazama kila ninapofungua kazi mpya.

Mwezi uliopita niliugua malaria nikapitiwa na tarehe ya yule mama. Simu ikaita nikiwa kitandani.

"Mwanangu, zimebaki 300. Mbona mwezi huu kimya, uko salama?"