Kinu Kinachoipa Karatasi Nguvu

Rojo la mbao likishapikwa kwa kemikali na kuoshwa, nyuzi zake huwa safi, lakini karatasi itokanayo nalo moja kwa moja haifai kitu: ni laini, imejaa malaika, na hukatika ikivutwa kidogo. Nyuzi za msonobari, zenye urefu wa milimita 3 hivi, bado ni kakamavu. Zikilala pamoja hugusana mahali pachache, na karatasi hushikamana hasa pale nyuzi zinapogusana.

Kwa hiyo rojo hupitishwa kwanza kwenye kinu chenye sahani mbili za chuma zilizochongwa matuta, moja ikizunguka mbele ya nyingine na kuacha upenyo mwembamba mno. Katika rojo hilo nyuzi ni asilimia 3 hadi 5 tu. Kinachobaki ni maji. Matuta hukamata vishada vya nyuzi, huvibana na kuviachia, tena na tena.

Badiliko kubwa halionekani kwa nje. Ukuta wa uzi umejengwa kwa matabaka ya selulosi, na mibano hiyo huyaachanisha. Maji huingia katikati, uzi huvimba na kulegea. Wakati huohuo ngozi yake ya nje huchanika na kutoa vinyweleo, mithili ya ncha ya kamba ya katani iliyochakaa. Karatasi inapokauka, maji yanayoondoka huzivuta nyuzi hizo laini hadi zilaliane bapa, na vifungo vya haidrojeni huzishika.

Faida hiyo ina gharama. Nyuzi nyingine hukatika, na vumbi lake huziba njia za maji, hivyo rojo huchuja polepole na mashine hulazimika kupunguza mwendo. Karatasi husongamana na kupitisha mwanga zaidi. Rojo likisagwa kupita kiasi, karatasi hukaribia ile ya kufungia siagi, isiyopitisha mafuta.

Mfuko wa saruji ndio mtihani mgumu. Unatakiwa uwe imara, lakini upumue, maana saruji huingizwa pamoja na hewa kwa kasi, na hewa isipopata pa kutokea mfuko hupasuka. Kwa karatasi ya namna hiyo viwanda vingi husugua kwanza rojo zito, lenye nyuzi karibu asilimia 30. Hapo nyuzi husuguana zenyewe kwa zenyewe, hujikunja badala ya kukatika, na karatasi hubaki na matundu na kuweza kunyumbuka mfuko unapodondoshwa.