Matone ya Kale Ndani ya Fuwele

Pegmatiti ni miamba ya moto yenye fuwele kubwa kubwa, kama ile ya milima ya Uluguru ambako ulanga ulichimbwa. Hutokana na masalio ya mwamba ulioyeyuka, yenye maji mengi. Fuwele za kwatsi au berili zinapokua, hunasa matone madogo ya vimiminiko vinavyozizunguka. Mkata vito huyaita dosari. Mwanajiolojia huyaita ushahidi.

Tone hunaswa likiwa limejaa kimiminiko. Likipoa, kimiminiko husinyaa kuliko fuwele, na kiputo hutokea. Mwaka 1858 Mwingereza Henry Clifton Sorby alieleza njia ya kurudisha nyuma mwendo huo: fuwele ipashwe joto mpaka kiputo kitoweke. Joto hilo ndilo la chini kabisa ambalo tone lingeweza kunaswa. Kwa sababu ya shinikizo kubwa ardhini, joto halisi huweza kuwa limelizidi.

Tone likigandishwa hutueleza zaidi. Barafu ya maji matupu huyeyuka kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Yakiwa na chumvi huyeyuka chini ya hapo, na kwa chumvi ya kawaida pekee huweza kufika nyuzi -21.2. Hivyo twakadiria kiasi cha chumvi, ambayo husaidia maji kubeba metali.

Lakini mwanafunzi ajihadhari. Matone yaliyojipanga kando ya ufa uliozibika yaliingia baadaye, fuwele ilipopasuka. Anayeyapima kana kwamba ni ya awali huupa mwamba historia isiyo yake. Kwa hiyo, kabla ya kupima tone, tuchunguze kwanza kwa hadubini mahali lilipo.