Kabla Hujamlaumu Mtoto, Lipime Gitaa Lake

Katika nyumba zetu nyingi kuna gitaa la umeme lililosimamishwa nyuma ya kabati likipata vumbi. Lilinunuliwa kwa furaha. Kijana aliwaona wenzake wakipiga kanisani, akaomba, akabembeleza, na hatimaye baba na mama wakajinyima na kumnunulia lile la bei nafuu kuliko yote dukani. Wiki ya kwanza nyumba haikukalika kwa kelele. Mwezi wa pili ni kimya. Ndipo baba anapouliza, "Mama watoto, hivi lile gitaa lina kazi gani humu ndani?" Mama hana jibu.

Aghalabu husemwa kwamba mtoto ni mvivu, au kwamba hakujaliwa kipaji. Sisi tunasema, ngoja kwanza, mama mwenzetu. Ni kweli kwamba kila anayeanza gitaa huumia ncha za vidole kwa majuma machache, mpaka ngozi ikomae. Lakini mtoto akilazimika kukandamiza nyuzi kwa nguvu zake zote, na hata hivyo sauti ikatoka kwa upogo, huenda kosa si lake. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani yakiwa hayajarekebishwa vizuri. Nyuzi ziko juu mno, shingo imepinda, na vyuma vya shingoni vinakwaruza mkono. Mtoto hajui hayo. Yeye anadhani ndiye asiyeweza.

Habari njema ni kwamba kasoro nyingi za namna hii hurekebishika nyumbani kwa vifaa vichache na uvumilivu.

Chombo cha skrubu

Gitaa la umeme tunalolijua leo limetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Leo Fender, fundi wa Marekani aliyefungua duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938. Mwaka 1950 kampuni yake ilianza kuuza gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mzima usio na uwazi ndani. Mwaka 1954 ilitoa lile liitwalo Stratocaster, na magitaa mengi wanayouziwa wanaoanza yameiga umbo lake.

Fender mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Aliwaza kama fundi. Shingo aliishikiza mwilini kwa skrubu badala ya gundi, na katika Stratocaster kila uzi ulipewa kiegemeo chake cha chuma kinachoweza kupandishwa, kushushwa na kusogezwa. Magitaa ya bei nafuu yaliyoiga umbo hilo nayo yana skrubu hizo hizo. Mara nyingi kinachokosekana ni muda wa fundi wa kukaa na kila gitaa na kuzirekebisha. Muda huo wewe na mwanao mnaweza kuutoa.

Vifaa vya kuandaa

Tafuta bisibisi ya nyota, rula ya chuma yenye milimita, na funguo ndogo zenye umbo la herufi L za kuzungushia skrubu za viegemeo na ile ya shingo. Mara nyingi funguo hizo huja ndani ya boksi la gitaa, kwa hiyo usilitupe. Nunua seti mpya ya nyuzi nyembamba. Wauzaji huziita "namba tisa", kwa sababu uzi mwembamba kuliko yote una unene wa sehemu 9 za elfu ya inchi, yaani kama milimita 0.23. Kwa kupima sauti, simu yenye programu ya kutyuni gitaa yatosha.

Anza na nyuzi

Nyuzi zilizokaa dukani muda mrefu hushika kutu na hukataa kukaa kwenye sauti. Badilisha mmoja mmoja, usizitoe zote kwa pamoja, ili shingo isilegee ghafla. Kila uzi uzunguke kigingi chake mara mbili au tatu. Kisha uvute taratibu kwa vidole, utyuni tena, na urudie mpaka utulie. Kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, sauti zake ni E, A, D, G, B na E.

Kama gitaa lina mkono wa kutikisia sauti, na lile bamba la chuma linalobeba viegemeo limenyanyuka, fungua kifuniko cha nyuma. Utaona springi na skrubu mbili kubwa. Zikaze kidogo kidogo mpaka bamba lilale juu ya ubao, kisha utyuni upya. Ule mkono uweke kwenye droo kwa sasa, maana anayeanza hauhitaji.

Shingo

Ndani ya shingo kumefichwa ufito wa chuma unaopingana na mvuto wa nyuzi. Gitaa likiwa limetyuniwa, bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza cha shingo, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na mwili. Vyuma hivi vilivyolazwa shingoni wapigaji huviita freti. Sasa tazama freti ya saba au ya nane. Kati yake na uzi pawe na nafasi ndogo, kama robo ya milimita.

Nafasi ikizidi, zungusha skrubu ya ufito kwa mwelekeo wa saa ili kuukaza. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza. Usizidishe robo ya mzunguko kwa mara moja. Tyuni, subiri, pima tena. Skrubu ikigoma usiilazimishe, kwa maana ufito ukikatika hasara yake ni kubwa kuliko bei ya gitaa. Mpelekee fundi.

Kimo cha nyuzi

Hapa ndipo vidole vya mtoto hupata nafuu. Katika freti ya 12, ambayo kwa kawaida ina nukta mbili, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Uzi mwembamba uwe kwenye milimita 1.5 hivi, na uzi mnene kwenye milimita 2. Si ajabu kukuta milimita 3 au zaidi, na hapo ndipo mtoto anapoteseka. Shusha viegemeo kwa ufunguo mdogo, kila upande kidogo. Uzi ukianza kukoroma kwa kugusa freti, upandishe kidogo tena.

Kisha tazama kizingiti, kile kipande cheupe au cheusi chenye mifereji sita mwanzoni mwa shingo. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu na utazame freti ya kwanza. Uzi uwe karibu kuigusa, pabaki upenyo wa unene wa karatasi. Upenyo ukiwa mkubwa, zile kodi za mwanzoni mwa shingo, hasa F, zitakuwa ngumu mno, na vijana wengi hukata tamaa hapo hapo. Lakini kuchimba mifereji hiyo ni kazi ya fundi mwenye tupa maalumu. Ukichimba kupita kiasi hakuna kurudisha, ni kununua kizingiti kipya.

Kingo zinazokwaruza

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ukihisi kama unapapasa msumeno, ubao umekauka na kusinyaa, lakini vyuma havikusinyaa. Funika ubao kwa utepe wa karatasi, kisha piga ncha za freti kwa tupa ndogo laini, kwa kuinamisha, taratibu, mpaka mkono uteleze.

Sauti zikubaliane

Mtoto mwingine hutyuni vizuri, lakini akipiga juu shingoni wimbo hupotoka, na wenzake kwenye kwaya humtazama. Freti ya 12 iko karibu na katikati ya uzi, kwa hiyo hutoa sauti ile ile ya uzi mtupu, ila juu zaidi. Zipime zote mbili kwa simu. Ya freti ya 12 ikiwa juu mno, sogeza kiegemeo mbali na shingo. Ikiwa chini mno, kisogeze kuelekea shingo. Tyuni na upime upya, uzi mmoja baada ya mwingine.

Umeme si wa kuchezea

Tundu la waya likilegea, kaza nati yake huku ukilizuia lisizunguke, waya za ndani zisikatike. Vitufe vikikwaruza sauti, mafundi wa redio wana dawa ya kupuliza inayosafisha.

Lakini jambo hili tunalisema kwa msisitizo. Katika magitaa mengi ya umeme, nyuzi zimeungwa na waya wa ardhi wa amplifaya kupitia ile kebo. Amplifaya ya plagi ya pini tatu isikatwe pini ya ardhi wala kuchomekwa kwa njia za mkato. Kijana aliyeshika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni anaweza kupigwa na umeme na kufa ikiwa vyombo vina kasoro. Kama nyuzi au maikrofoni zinatoa mshtuko hata kidogo, zima vyote na umwite fundi umeme, hata kama ibada imeanza.

Ujue pia pa kukomea

Gitaa ambalo shingo yake imejisokota kama kamba, au ambalo vigingi vyake haviwezi kushika uzi hata kwa wimbo mmoja, huenda lisifae kutumiwa fedha zaidi. Kwa hiyo, mkienda kununua, nendeni na rula na mtu ajuaye kupiga.

Tunasoma katika 1 Samweli sura ya 16 jinsi Daudi alivyoitwa kwa mfalme Sauli kwa sababu alijua kupiga kinubi. Kipaji kile kilihitaji chombo kinachopigika. Watoto wetu nao ni hivyo hivyo. Yuko anayeitwa mzito darasani kumbe macho hayaoni ubao. Yuko anayeitwa mvivu wa kukimbia kumbe viatu vinambana. Na yuko anayeambiwa hana kipaji cha muziki kumbe nyuzi zimepita kimo kwa milimita moja na nusu.

Basi Jumamosi moja mchana, keti mezani na mwanao, na baba akiwepo naye akaribishwe. Mtoto ndiye ashike bisibisi, wewe ushike rula. Huenda mtoto huyo asiwe mpigaji mkubwa, na hilo si neno. Lakini ataanza kwa haki, na atajua kwamba mama yake alipima kabla ya kuhukumu.