Fahamu: Gari la umeme likikwama kwenye foleni
Januari 2022, theluji ilifunga barabara kuu ya I-95 jimboni Virginia, Marekani, na baadhi ya madereva, akiwemo Seneta Tim Kaine, wakakwama zaidi ya saa 24. Hofu ikageukia magari ya umeme, kwamba yangeishiwa chaji upesi, lakini hesabu haiiungi mkono. Injini ya petroli ikiunguruma gari limesimama hula takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa. Mota ya umeme ikisimama haili kitu. Kinacholiwa ni cha hita: ikila kilowati 2, betri iliyobakiwa na kilowati-saa 30 itahimili saa 15, tena bila moshi wa ekzosi, ambao bomba likizibwa na theluji huua. Kweli, umeme hauletwi kwa dumu. Aliyeingia foleni na chaji ya asilimia 5 atasubiri kuvutwa.