Sikukuu ya Taa Katika Milima ya Usambara

Leo twapenda kuirudia habari ya sikukuu ambayo wengi wameiona kwa macho bila kuelezwa maana yake. Nayo ni Diwali, yaani Sikukuu ya Taa ya Wahindu.

Mji wa Lushoto umekaa bondeni, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Wadachi waliuita Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm. Reli ya Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na wenye maduka kutoka Bara Hindi wakaifuata njia ya biashara. Lakini si kila Mhindi ni Mhindu. Wengine ni Waislamu, na sikukuu hii si yao.

Diwali huangukia usiku wa giza, mwezi usipoonekana kabisa. Hapo huwashwa taa ndogo za udongo, zenye utambi wa pamba na mafuta au samli, zikapangwa vizingitini na barazani. Wengi husimulia kuwa watu wa Ayodhya waliwasha taa vivyo hivyo kumlaki Rama, aliporudi na mkewe Sita baada ya kukaa mwituni miaka 14.

Mtu aweza kuuliza: Mbona sikukuu hii hufuata mwezi kama Idi, wala haizunguki mwaka mzima? Sababu ni hii. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Idi hurudi nyuma kwa kadiri hiyo kila mwaka. Wahindu, kila baada ya miaka miwili au mitatu, huongeza mwezi mmoja. Kwa hiyo Diwali haitoki katika Oktoba na Novemba. Huko Gujarat mvua zimekwisha, na zamani vyombo vilikuwa vikingoja kaskazi vije kwetu. Usambara ni kinyume, maana ndiyo majira ya vuli.

Kwa mfanya biashara wa Kigujarati, siku hiyo ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu. Daftari la zamani hufungwa, na jipya, lenye jalada la kitambaa chekundu, huombewa. Huandikwa humo maneno mawili: shubh, yaani heri, na labh, yaani faida. Heri hutangulia. Basi mkulima aliyedaiwa siku zile za kukaribia Diwali pengine alidhani anaonewa, kumbe mwenye duka alikuwa akifunga mwaka wake. Hata hivyo, asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kuhakiki kilichoandikwa juu yake.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba nyingi za kupangisha. Wahindi wengi wakaihama nchi, na taa za miji midogo zikapungua.

Wazee walinena, “Baniani mbaya, kiatu chake dawa.” Methali hiyo ina dharau na haja pamoja: twamhitaji mtu, wala hatumjui. Ujirani wataka zaidi ya hayo. Tuulize maana ya taa za jirani zetu. Na kila akopaye aandike deni lake katika daftari lake mwenyewe, ili siku ya hesabu wawili wasome jambo moja.