Kwa Nini Mtandao Hufifia Chumba cha Pili?

Katika nyumba za vijijini, kama zile za Balangdalalu wilayani Hanang, ruta ya laini ya simu hupokea mawimbi ya redio kutoka mnarani, kisha husambaza mengine nyumbani. Mtandao ukiwa hafifu hata karibu na ruta, huenda kasoro iko katika safari ya kwanza. Ukififia chumba cha pili tu, kasoro iko katika safari ya pili.

Mawimbi ya nyumbani ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5 hivi. Mbao kavu huyapitisha, ukuta wa matofali huyapunguza, maji huyafyonza, na bati huyarudisha. Hata mahali peupe, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hubaki robo.

Kwa hiyo ruta isifichwe kabatini wala nyuma ya pipa la maji. Iwekwe juu, katikati ya nyumba. Lakini mawimbi ya mnara yakiwa haba, isogezwe dirishani.

Wanafunzi wanaweza kujaribu: simu iwekwe mita 2 kutoka kwenye ruta, kisha mita 4, kisha nyuma ya bati, na matokeo yaandikwe. Yafaa kifaa kihamishwe kwanza, kabla ya fedha kutumika kununua kingine.